Una Hakika Unataka Kufuta?

Kosa nililolifanya lina herufi nne, na nililifanya nikiwa nimekaa vizuri, feni inanipuliza, kikombe cha chai ya maziwa kiko pembeni. Hakuna aliyenisukuma. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka na watu wanaoanza kusimulia makosa yao kwa kumsingizia shetani.

Mwaka huo nilikuwa kwa Mzee Kanubhai, Mchafukoge, ghorofa ya pili, tukipanga kadi za harusi na kalenda kwenye kompyuta. Mwanawe Pranav alikaa meza ya mbele yangu, na yeye ndiye aliyeniingiza kwenye Kordo. Kordo ni programu ya kuhariri video. Ni ya bure, tena ni programu huria kama wanavyosema wenyewe: yeyote anaweza kuifungua ndani, akaona ilivyotengenezwa, akairekebisha na kuwapa wenzake. Watengenezaji wake walikuwa kama mia tatu, wametawanyika dunia nzima, hawalipwi, wengi wao hawajawahi kuonana, na wanagombana kwa barua pepe kutwa nzima. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuiweka kwa Kiswahili. Nikajitolea. Wala sikujitolea kwa ajili ya dunia nzima, nilijitolea kwa ajili ya mjomba wangu.

Mjomba Mbaruku ndiye aliyenilea, Mtaa wa Sikukuu, baada ya mama kufariki. Kamera yake ya kwanza aliinunua enzi za ruksa, vitu vilipoanza kumiminika Kariakoo na kila mwenye fremu akawa mfanyabiashara. Akaunganisha deki mbili na mashine ndogo ya kuchanganyia picha, akaanza kushuti harusi, za Waswahili na za Wahindi, mpaka ikawa huwezi kuoa mitaa ile bila Mbaruku kukumulika usoni. Halafu zikaja kompyuta. Programu za kuediti zikauzwa mtaani kwenye CD za kuchoma, kila moja ina virusi vyake na kila moja inaongea Kiingereza. Mjomba hakukijua Kiingereza na hakuona aibu kusema hivyo. Alisema soko ni huria lakini mashine zenyewe haziko huria kusema naye. Wateja wakaanza kupungua, wakaenda kwa vijana. Alikuwa anarudi nyumbani na kukaa kimya, na mimi ule ukimya wake ulikuwa unanitoboa.

Basi nikatafsiri. Miezi minne, maneno elfu mbili na mia tisa, kila siku baada ya kazi. Nilijivuna, kwa nini nikatae. Kila neno liliwekwa kwenye ukurasa ambao wote wanauona, na mtu mwenye maoni anayaandika chini yake.

Sasa kuna ile namna ya kutoka picha moja kwenda nyingine, ambapo picha mpya inaingia kutoka upande mmoja na kuifunika ya zamani taratibu. Kiingereza wanaiita kwa neno la kupangusa. Nikafungua kamusi: pangusa, futa. Pangusa likanikumbusha meza ya mama ntilie, nikaandika Futa. Kesho yake nikakuta maoni ya Pranav chini yake. Aliandika kwamba mafundi wa video wa Kariakoo wanaiita pazia, na kwamba amelisikia neno hilo kwa Mzee Mbaruku mwenyewe alipokuwa anaitengeneza harusi ya dada yake Tanvi.

Ilikuwa kweli. Nimelala utoto wangu wote kwenye mkeka wa studio ile nikimsikia Mjomba akisema weka pazia hapa, toa pazia pale. Lakini kwangu mimi lile lilikuwa neno la dukani, na nilikuwa naandika kitu cha kusomwa na watu. Tena nani ananifundisha? Nikajibu hivi, na maneno yenyewe yapo mpaka leo kwenye ukurasa ule, dunia nzima inayasoma: "Hiki ni Kiswahili, si makelele ya sokoni. Wenye lugha tupo."

Pranav amezaliwa Mchafukoge, na babu yake amezaliwa Mchafukoge. Alisoma, na hatukulizungumza tena.

Kitu ambacho sikukitazama, kwa haraka zangu, ni kwamba kitendo cha kuondoa picha moja kwa moja kutoka kwenye diski nacho nilikuwa nimeshakiita Futa, wiki sita nyuma.

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, Mjomba akanipigia simu kazini. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akaniambia picha ya Bi Tatu imepotea.

Bi Tatu alikuwa bibi yake Sabaha, binti tuliyemshuti harusi yake mwezi mmoja na nusu nyuma. Siku ya harusi, kabla bwana harusi hajaingia, bibi huyo alinyanyuka kwenye mkeka, akamshika mjukuu wake mkono na kumwombea dua. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, hakuna aliyesikia vizuri. Aliyesikia ni kamera, kwa sababu Mjomba alisogea karibu. Siku tisa baadaye Bi Tatu akafariki. Jumamosi ile inayokuja ndiyo ilikuwa arobaini yake, na Sabaha alikuwa ameomba kitu kimoja tu, aletewe ile dua. Kanda yenyewe Mjomba alikuwa amekwisha kuirekodia harusi nyingine, maana kanda zilishaanza kuadimika na picha alijua zipo salama kwenye kompyuta.

Nikamwuliza amefanya nini. Akanieleza kwa utaratibu. Alikuwa anataka kuweka pazia kabla ya Bi Tatu kunyanyuka. Akatafuta kwenye orodha, akaona Futa, akakumbuka nilivyomfundisha nilipomwekea Kordo kwamba humu pazia linaitwa futa. Kompyuta ikamwuliza, "Una hakika unataka kufuta?" Alikuwa na hakika. Akabonyeza Ndiyo. Picha ikaondoka, naye akakaa mbele ya kioo anasubiri pazia lifunguke.

"Nimengoja robo saa, Nasma," akaniambia. "Halijafunguka."

Nilifungua Kordo kwenye meza yangu nikiwa bado nimeshika simu. Orodha ileile ilikuwa na Futa mbili, moja juu na moja chini, zimeandikwa sawasawa. Nikamwambia Mjomba asubiri kidogo nitampigia.

Nikaingia kwenye chumba cha gumzo cha watengenezaji na kuuliza, kana kwamba ni rafiki yangu ndiye mwenye shida, kama faili lililofutwa linaweza kurudi. Akanijibu Aune, mama mmoja wa Finland aliyekuwa ameshika usukani wa toleo jipya. Alisema linaweza, maana kufuta ni kuondoa jina tu, picha yenyewe bado imelala kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo zima kompyuta hiyo. Akaandika mara ya pili: zima sasa hivi, usiingize chochote.

Jambo la kufanya lilikuwa dogo kiasi hicho. Kupiga simu na kusema, Mjomba, zima. Nikapiga. Akapokea, akaniuliza, "Nimekosea wapi, mama?" Mjomba huniita mama akiwa mnyonge. Nikaona nikisema zima ataniuliza kwa nini, nikieleza kwa nini nitafika kwenye zile Futa mbili, na nikifika hapo nitakuwa nimesema. Nikamwambia, "Usihangaike, Mjomba. Nakuja."

Nikashuka ngazi nikiziruka mbilimbili. Kutoka Mchafukoge mpaka Sikukuu, ukikata Mnazi Mmoja, ni dakika kumi na tano, kumi ukiwa na haraka. Haraka nilikuwa nayo, lakini miguu ilikuwa inaenda na akili inarudi. Uwanjani walikuwa wanafunga spika za mkutano fulani, mtu anahesabu moja mbili, moja mbili, na mimi nikasimama pale kama niliyeitwa. Nikatunga uongo wa kwanza, virusi. Nikauacha. Nikatunga wa pili, umeme ulicheza. Nikazunguka uwanja upande usio wa njia yangu. Nikanunua maji na sikuyanywa. Mficha uchi hazai, bibi zetu wamesema, na mimi nilikuwa nalijua neno hilo tangu nina miaka mitano, tena nililitafsiri kwa Kiingereza siku moja kumfurahisha Aune.

Nilipopanda studio ilikuwa imepita karibu saa nzima tangu nipige ile simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Deki ilikuwa inazunguka. Ili asikae bure na mawazo, alikuwa ameanza kuingiza kanda nyingine kwenye kompyuta, harusi ya Magomeni, na dakika arobaini zilikuwa zimeshaingia.

Nilichomoa waya ukutani. Sikumwambia chochote, niliuchomoa tu, na yeye akanitazama mkononi.

"Ni mimi, si ndiyo?" akasema. "Nimebonyeza vibaya. Uzee huu."

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema palipokuwa. Nilipewa nafasi nzima, tupu, mtu ananisubiri. Nikasema tutajaribu kuirudisha.

Nikaibeba ile kompyuta kwa bajaji mpaka Mchafukoge, nikaiweka mbele ya Pranav na kumweleza kila kitu bila kumtazama. Aliichomoa diski akaigeuzageuza. Nilijua kitu kinakuja, na kilipokuja kilikuwa chepesi kuliko nilivyostahili.

"Kwa hiyo wenye lugha mmepatwa na shida," akasema. Kisha akavuta kiti akaanza kazi, kwa programu nyingine ya watu walewale wa huria, ya kufufua mafaili. Ilipekua diski ile siku mbili.

Siku mbili hizo sikukaa. Niliharibu kadi ya harusi, nikaandika jina la bwana harusi mahali pa ukumbi. Mzee Kanubhai aliniuliza kama nina homa. Mchana nilikuwa natembea mpaka Mchikichini, napita kwenye mafungu ya viatu vya mitumba, narudi, sijanunua kitu na sikumbuki nilichokiona. Kila nikifika kona ya Sikukuu nasema leo namwambia, halafu nakuta amekaa na wateja, au amekaa peke yake, na peke yake ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumanne jioni nikamkuta anaifuta kamera vumbi kwa kitambaa cha pamba. Akanieleza kwamba ametoka kwa baba yake Sabaha. Alikwenda mwenyewe kuomba radhi kabla ya arobaini, kwa sababu si vizuri watu wangoje kitu ambacho huenda kisije. Amewaambia macho yake yamechoka, anabonyeza asichokiona. Baba yake Sabaha alikuwa muungwana sana, alimshika bega, akamwambia apumzike sasa, ameshafanya kazi ya kutosha. Mjomba alisimulia hayo kwa utulivu huku akipiga kioo cha kamera pumzi na kukisugua. Akasema harusi ya Magomeni ataimaliza, kisha kamera atampa Haruna, mtoto wa jirani aliyeoa juzi na hana kazi.

Nililia bafuni kwa Mjomba, maji yanatiririka kwenye ndoo ili asisikie. Nilijichukia waziwazi. Bado sikusema.

Jumatano Pranav akaniita. Kilichorudi kilikuwa dakika moja na sekunde kumi na moja. Tukatazama pamoja. Bi Tatu amekaa, kanga yake ya kisutu. Anajitegemeza kwa mkono, ananyanyuka. Anamshika Sabaha mkono, anaufunika kwa mkono wake wa pili, anafungua mdomo. Hapo picha inavunjika vipandevipande na inayofuata ni harusi ya Magomeni, watu wanacheza. Dua yote ilikuwa imekaliwa. Pranav akasema kwa sauti ndogo kwamba kama kompyuta ingezimwa mapema ingepatikana nzima. Hakujua alichokuwa ananiambia, au labda alijua.

Nilichokuwa naweza kukirekebisha kilikuwa ni neno tu, basi nikalishika hilo kama anayezama. Toleo jipya la Kordo lilikuwa linatoka wiki ile. Nikamwandikia Aune nikiomba nibadilishe neno moja la Kiswahili, Futa ya juu iwe Pazia, marekebisho madogo ya lugha. Akajibu kwa adabu kwamba maneno yameshafungwa, na marekebisho madogo yanangoja toleo lingine, baada ya miezi sita. Maneno yakishafungwa hayafunguliwi ila kwa sababu nzito, na sababu inaandikwa mbele ya wote. Akaniuliza kama ninayo.

Nikakaa na swali hilo tangu adhuhuri mpaka karibu ya magharibi. Kisha nikaandika chini ya jibu langu lile la wenye lugha tupo. Niliandika kwamba kuna mzee Kariakoo anayeitwa Mbaruku, ambaye alilitumia neno pazia miaka kumi na minane kabla sijaligusa. Kwamba Pranav aliniambia nikamdharau, kwa sababu ni Mhindi na kwa sababu neno ni la mtaani. Kwamba neno langu limefuta dua ya marehemu, na ukimya wangu umemalizia kilichobaki. Kwamba mzee anadhani kosa ni lake. Nikaituma kabla sijaisoma tena.

Majibu yalikuja mengi. Mmoja wa Brazil alisema kwao neno hilo hilo liliwahi kuwatesa. Mwingine akapendekeza Kordo isiwe inafuta faili bila kuliweka kwanza kwenye kapu, na wakaanza kugombana juu ya hilo palepale. Aune aliandika mstari mmoja tu: amefungua, niweke neno. Kisha, baada ya dakika chache, akaongeza swali. Mzee mwenyewe ameshaambiwa?

Niliwaambia watu mia tatu nisiowajua kabla ya kumwambia mtu mmoja aliyenilea. Swali la Aune sikulijibu.

Ijumaa, Mjomba aliporudi msikitini, nilikuwa nimeshaiweka Kordo mpya kwenye kompyuta yake. Alikaa kwa kujilazimisha, kama mtu aliyeitwa kuaga. Nikamwonyesha kile kipande cha Bi Tatu, akakitazama mpaka kinapovunjika, akavuta pumzi. Akasema mwisho huu umekatika vibaya, lazima uwekwe kitu. Mkono ukashika kipanya wenyewe. Orodha ikafunguka, akaisoma kwa midomo kama kawaida yake, na kidole kikasimama.

"Pazia," akasoma. "Hili neno langu."

"Ndiyo, Mjomba. Ni lako."

Aliliangalia muda mrefu. Uso wake ulilegea, na nikaona furaha ikitaka kuja, ya mtu aliyesikia jina lake linaitwa mahali asipotegemea. Laiti ingeishia hapo. Lakini Mjomba ni fundi, na fundi akiona kitu kimebadilika anauliza kilikuwaje.

"Zamani hapa paliandikwa nini?"

"Futa."

Kidole kikateremka mpaka chini ya orodha, kwenye Futa ile nyingine. "Kama hii."

"Kama hiyo."

"Na ile ya juu aliiweka nani?"

"Mimi," nikasema. Kisha nikamfungulia ule ukurasa na kumsomea yote, jibu langu kwa Pranav, na simu niliyompigia, na kwa nini sikusema zima, na uwanja wa Mnazi Mmoja nilivyouzunguka. Sikuacha kitu. Alinisikiliza akiwa ameutazama mlango, na nilipomaliza hakunipigia kelele, ingawa nilizitaka.

"Mimi nimekwenda kwa watu nikawaambia macho yangu yamekufa," akasema. "Kesho nitawaambia wanaume kwamba macho yangu mazima. Ndani kwa wanawake siingii. Huko utasema wewe, mwenye lugha."

Kisha akageukia kazi. Akaweka pazia pale mwisho, taratibu mno, likaingia kutoka kulia na kumfunika Bi Tatu kabla picha haijavunjika. Alirudia mara tatu mpaka akaridhika.

Jumamosi, baada ya hitma, wageni wa mbali walipokwisha kula na kuondoka, niliiweka laptop ya Pranav juu ya stuli chumbani kwa marehemu. Walikuwepo wanawake kumi na wawili, na Sabaha mbele yao, mkono mdomoni. Bi Tatu akanyanyuka. Akamshika mkono. Akafungua mdomo, na pazia likapita likamfunika. Wote wakasubiri. Sabaha akanigeukia akaniuliza mbona haliendelei, bibi alisema nini.

"Maneno yaliyofuata," nikamwambia, "niliyafuta mimi."